Waliohesabiwa Jangwani

Kambini, mashariki ya Rwanda
9 Machi 2025

Mdogo wangu Muhigirwa, Papa Gracia,

Nakusalimu sana, wewe na binti yetu. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha kwamba nina miaka hamsini na sita. Huku ni joto na vumbi jekundu, hakuna ziwa, hakuna mlima wa maana, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu, nimewaota mara mbili. Jirani yangu wa hema la kulia ni maman mmoja wa Uvira anayeimba tangu alfajiri. Sauti hana, lakini nia anayo.

Habari za nyumbani Bukavu: yule jirani tuliyemwachia nyumba alinipigia. Paa lipo, milango haipo. Tushukuru kwa paa.

Sasa nikuulize kilichonileta kwenye karatasi. Siku ile tulipovuka daraja la Rusizi ya Pili kuingia Rwanda tulikuwa watatu: mimi na sufuria, wewe na lile kamusi lako la Kiebrania, Gracia na mfuko wa nguo. Tukapanga mstari pale wanapoandikisha wakimbizi. Mimi nilikuwa mbele. Nikatoa jina, nikapiga kidole, nikageuka niwaonyeshe wino, ninyi hampo. Nikafikiri mmekwenda chooni. Mpaka basi linaondoka nilikuwa nafikiri mmekwenda chooni.

Védaste, yule anayekata tiketi kwenye basi la Kamembe, ndiye aliyeniambia kwamba mko Giheke, na kwamba umekataa hata kununua laini ya simu kwa sababu wanaandika jina. Yeye ndiye atakayekuwa posta yetu, basi lake likipangiwa njia ya huku. Niambie umepatwa na nini. Na mtoto anakula nini?

Dada yako,
Mwavita


Giheke, Rusizi
30 Machi 2025

Yaya Mwavita,

Amani kwako, dada yangu mkubwa. Tumefurahi kupata mwandiko wako. Gracia ameisoma barua kwa sauti na kumwiga yule maman wa Uvira, tukacheka. Tunakaa chumba cha nyuma kwa mjane anayeitwa Mukeshimana. Ninamlimia mihogo na maharage, naye anatupa chakula na paa. Hana simu, hana maswali. Mvua ni nyingi. Asubuhi ukungu ukiondoka unaliona ziwa, na ng'ambo yake kwetu.

Umeuliza nimepatwa na nini. Nitakujibu kama mwalimu, uvumilie.

Kitabu cha nne cha Musa sisi tunakiita Hesabu. Wayahudi wanakiita Bemidbar, maana yake Jangwani. Jangwa ni midbar. Ndani yake kuna herufi tatu, d, b, r. Kwa herufi hizohizo wanaandika davar, neno, maana b yao husomeka pia v. Na kwa herufi hizohizo wanaandika dever, tauni. Maandiko ya zamani hayakuwa na irabu, msomaji alizitia mwenyewe. Kwa hiyo anayeingia jangwani ameandikiwa vyote viwili: atapata neno la Mungu au atapata tauni. Nilijiuliza miaka kumi na tisa, tangu yule padri mzee aniachie kamusi, ni kitu gani kinachoamua kati ya hivyo viwili. Nimekipata nikiwa kwenye mstari, nyuma yako, nikitazama kile kidau cha wino.

Ni kuhesabiwa, Yaya. Wanaume waliohesabiwa Sinai walikuwa zaidi ya laki sita, na wote walianguka jangwani isipokuwa wawili. Daudi alipohesabu watu wake, kilichokuja ni dever. Na mwanamke wa Ufunuo anapewa mbawa za tai akimbilie jangwani kwa siku elfu moja mia mbili na sitini. Fungua mlango unaofuata, sura ya kumi na tatu, uone watu wanatiwa nini mkononi: chapa ya mnyama. Sisi tumevuka mto, tumeingia jangwani kwetu. Nimeanza kuzihesabu siku. Watu sitawahesabu, wala sitakubali wahesabiwe.

Tena si Waebrania peke yao. Bibi yetu alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu nini? Mungu anawajua. Wazee hawakuwa wajinga.

Wewe umekwisha kupiga kidole, nakuombea. Lakini Gracia ni wangu. Atakayemtia Gracia kwenye orodha si ndugu yangu tena, hata awe nani. Nataka uniahidi kwa kuandika.

Muhigirwa


Kambini
27 Aprili 2025

Papa Gracia,

Salamu. Mvua imefika huku pia, vumbi limekuwa tope, tumebadilishiwa adhabu. Nimepata kazi ya kusaidia kugawa mahindi, kwa hiyo nafahamiana na makarani, na maman wa Uvira sasa ananiita chef, yaani bosi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nikaelewa, ya tatu nikakasirika. Mbawa za tai! Mimi nililetwa huku na basi lenye kiti kimoja kizima, nacho alikikalia askari.

Mimi Kiebrania sijui, nilikuwa nauza vitenge wakati wewe unasoma. Lakini kitabu chenyewe ninacho. Mungu mwenyewe ndiye anayemwambia Musa awahesabu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Hukuona hilo? Au kamusi lako lina ukurasa umechanika? Tena waliokufa hawakufa kwa kuhesabiwa. Walikufa kwa sababu waliogopa kuingia mahali walipoambiwa waingie.

Na Bibi umemsingizia. Ni kweli hakutaja idadi ya watoto, ulimi wake ulikataa. Lakini kila jioni alipanga sahani chini, moja moja, na sahani ikibaki bila mtu alitoka nje na mwenge na kuita mpaka akupate. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa ajili ya sahani hiyo. Kutotaja ni heshima. Kutojua nani amepungua, hilo Bibi hakutufundisha.

Nitasema na lile usilolisema. Mwaka ule walipopita wale wa kuandika kaya Bukavu, ulisimama mlangoni ukacheka mila, ukasema mbele ya watu, "Niko na batoto batatu, andika." Baada ya mwaka surua ikachukua wawili katika juma moja. Nilikuwepo. Ni mimi niliyewaosha. Tangu siku hiyo unatafuta kitabu kitakachokuambia kwamba mdomo wako ndio uliowaua. Ilikuwa surua, Muhigirwa. Kwa jirani pia ilichukua mmoja, na jirani hakusema kitu kwa mtu yeyote.

Umetaka ahadi. Haya, ninaahidi sitamtia Gracia kwenye orodha. Umeridhika? Niambie anaendeleaje, na wewe uache kukonda.

Mwavita


Giheke
8 Juni 2025

Yaya,

Salamu kutoka kwetu. Maharage yametoka vizuri, Mukeshimana amepata kuuza Kamembe, ameninunulia shati. Barua yako ilikaa kwa Védaste majuma manne, basi lao lilipangiwa njia nyingine.

Asante kwa ahadi. Kwa mengine sitakujibu. Kuhusu surua nakuomba usiandike tena.

Mungu aliamuru kuhesabu, ni kweli. Lakini soma mwisho wake: ni walewale waliohesabiwa, kuanzia miaka ishirini na kuendelea, ndio waliotajwa kwamba mizoga yao itaanguka. Hesabu ile iligeuka kuwa orodha ya wafu. Ambao hawakuwa kwenye orodha, watoto, ndio waliofika ng'ambo. Hapo ndipo nimeweka mguu wangu. Familia tano za Bukavu zinazolima hapa na kule Butare, ile ya hapahapa Rusizi, zinakuja Jumapili chumbani kwetu kunisikiliza. Nao wamekataa kuandikwa. Wananiita Mwalimu, na nakiri kwamba tangu tuvuke hakuna aliyekuwa ameniita hivyo.

Gracia yuko. Asubuhi huamka amevimba usoni kidogo, halafu mchana hupungua. Mukeshimana anasema ni chumvi. Tumeacha chumvi. Anapenda kukaa mlangoni akitazama ziwa, na anakuuliza kama maman wa Uvira amejifunza wimbo mwingine.

Tuombeane.
Muhigirwa


Kambini
29 Juni 2025

Muhigirwa,

Sina salamu ndefu. Kuvimba gani? Miguu je? Anakojoa? Mtoto wa miaka kumi na mmoja havimbi uso kwa chumvi. Nimemuuliza muuguzi wa huku, amesema aletwe mahali penye hospitali leo, si kesho. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe unaficha, nakujua tangu unaficha madaftari chini ya kitanda.

Nimeomba ruhusa ya kutoka kambini nije mwenyewe. Karatasi iko mezani kwa mtu ambaye yuko likizo. Usiningoje. Mpandishe Gracia kwenye basi la Védaste, mimi nitampokea. Mkabidhi tu, usiulize kitu. Akifika huku atatibiwa, hilo nakuhakikishia, kuna sababu ambayo nitakueleza tukionana.

Kama hutaki kuja, baki na familia zako tano. Nitumie mtoto.

Mwavita


Giheke
11 Agosti 2025

Yaya Mwavita,

Gracia amefariki tarehe 24 Julai. Barua yako ya Juni imenifikia tarehe 2 Agosti. Védaste alikuwa mgonjwa, mfuko wake ulibaki kwa mwenzake. Alipojua yaliyokuwa ndani alikaa chini barabarani. Usimlaumu.

Nitakuandikia yote, kwa sababu mara ya mwisho sikuandika yote.

Mwezi wa tano nilikuwa nimekwisha kumpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimbonyeza mguu, shimo likabaki. Akapima mkojo, akasema ni figo, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Alikuwa mwema. Akavuta daftari aandike jina la mtoto, la baba na namba ya kitambulisho chochote, na kama hakuna basi aandike hakuna. Nilimtazama akifungua kalamu. Nikamshika Gracia mkono tukatoka. Nilipokuandikia habari za chumvi nilikuwa najua.

Tukiwa njiani kurudi mtoto aliniuliza kitu. Alikuwa anatembea polepole, viatu vilikuwa haviingii tena, amevishika kimoja kimoja mikononi. Akasema, "Papa, bakiandika jina yangu, Mungu atanipoteza?"

Mimi niliyekuwa na jibu la kila herufi, nilimwambia aangalie mawe.

Juni yote tulifunga na kuomba, mimi na zile familia. Yeye hakufunga, nilimlisha. Nilimsomea jangwa, mwamba uliotoa maji, mana, nyoka wa shaba. Akawa anasikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mtoto anayemhurumia mkubwa. Mukeshimana alikuwa haingii mambo yetu. Siku moja tu alisimama mlangoni, akaniambia kwa Kinyarwanda kwamba yeye amezika wengi katika nchi hii, na hakuna hata mmoja ambaye daftari ndilo lililomuua. Nikamwambia hajui maandiko. Akaniambia ni kweli hajui, akaenda kumchemshia mtoto uji.

Julai tarehe 23 alianza kupumua kama aliyepanda mlima. Nikambeba mgongoni mpaka kituoni. Nilipoingia nilianza kusema kabla sijaulizwa. Nilitaja jina lake, jina la mama yake, langu, tarehe aliyozaliwa, mtaa wetu wa Bukavu, nikanyoosha kidole wakichukue. Muuguzi akaniambia nitulie, kidole hakihitajiki, hakikuwa kimehitajika hata mara ya kwanza. Wakaita gari, likaja upesi. Hospitali walifanya walivyoweza siku nzima na usiku. Asubuhi akafa. Hawakuchelewa wao. Wasingeweza kurudisha miezi miwili.

Tumemzika hapa Giheke, Mukeshimana ametoa ardhi karibu na watu wake. Familia tano zilikuja. Baada ya mazishi mmoja wao, baba wa watoto wadogo, aliniuliza sasa wafanye nini. Nikamwambia waende wakaandikwe, kesho yake, wote. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Wamekwenda.

Kamusi bado ninalo. Majuma haya nimerudi kwenye ule mlango niliokuwa nauegemea, wa mizoga na watoto. Mstari ule niliufundisha Jumapili nane. Unajua unaofuata baada yake unasema nini? Kwamba watoto watatangatanga jangwani miaka arobaini na kuyabeba makosa ya baba zao, mpaka baba waishe. Upo hapohapo, Yaya, ukurasa uleule. Sikuuruka kwa kutouona. Niliuona. Niliona kwamba haunihusu.

Neno na tauni. Nilimwambia kila mtu kwamba herufi ni moja, msomaji ndiye anayetia irabu. Msomaji nilikuwa mimi.

Nilikuambia atakayemtia kwenye orodha si ndugu yangu. Sasa nakuuliza kama mimi bado ni ndugu yako. Ukisema hapana nitaelewa. Kusali kwa Kiebrania sitaki tena, kusali kwa Kiswahili nimejaribu, nikifika katikati najisikia naongea na ukuta. Nimemuua mwanangu kwa kumpenda vibaya, na hakuna mtu wa kunifunga.

Muhigirwa


Kambini
7 Septemba 2025

Muhigirwa, mtoto wa mama yangu,

Wewe ni ndugu yangu. Nimeliandika hilo kwanza ili usisome barua hii ukilitafuta.

Maman wa Uvira amelala hemani kwangu juma zima. Haimbi. Nguo za Gracia zilizobaki usigawe, mpe Mukeshimana achague mwenyewe anayestahili.

Umeniandikia yote, na mimi nina deni hilo. Soma hii ukiwa umekaa.

Siku ile ya daraja, nilipogeuka nikakuta hampo, karani aliniuliza kama niko peke yangu. Nikasema nina mtoto, Gracia, miaka kumi na mmoja, amebaki nyuma kidogo na baba yake, anakuja. Akamwandika kwenye karatasi yangu. Sikufikiri, ni mdomo uliosema. Tangu Februari jina lake liko huku. Nilikuwa nimekwisha kumwandikisha kabla ya barua yako ya kwanza, na ulipotaka niahidi, niliahidi kutofanya jambo nililokwisha kulifanya. Nilijiona mjanja.

Karatasi hiyo ndiyo niliyoizungukazunguka Juni, nikakwambia kuna sababu nitakueleza tukionana. Matibabu yake yalikuwa tayari. Muuguzi alikuwa ameona jina, alisema siku akishuka kwenye basi anapelekwa hospitali bila swali. Ningeweza kukuandikia hilo mwezi wa tatu, kwa sentensi moja. Ungenitukana, ungekaa miezi usiniandikie, lakini ungejua kwamba kile ulichokuwa unakiogopa kimekwisha kutokea na mtoto bado anacheka na kuigiza watu. Pengine ungepumua. Pengine ungemleta. Niliogopa hasira yako. Nilisema nitangoja alegee kwanza, ndugu yangu namjua, atalegea. Nikakutumia maneno ya sahani na ya Musa, nikashinda mabishano, nikakunyima habari.

Wewe ulificha ugonjwa kwa sababu ungeulizwa kwa nini hukumtibu. Mimi nilificha dawa kwa sababu ningeulizwa kwa nini nilisema uongo. Védaste alikuwa anabeba mfuko wenye barua mbili nzuri sana.

Jana nilikwenda kwa makarani kusema. Ninafanya kazi nao, wananijua. Yule kijana aliivuta karatasi yangu akaniuliza sababu ya kupunguza, kuna visanduku vya kuweka alama: amehama, amerudi nchini, amefariki. Akawa anaomba radhi kwamba lazima achague kimoja. Nikamwambia anipe kalamu, nitaweka alama mwenyewe. Nikaiweka. Nikamrudishia kalamu, nikarudi hemani.

Mimi pia nimejaribu kusali na mimi pia nafika katikati. Basi sitakuambia Mungu ana mpango. Sijui ana nini.

Umesema umemuua mwanao na hakuna wa kukufunga. Uongo huo ninaukataa, kama nilivyokataa ule wa mbawa za tai. Hukumuua peke yako. Tulikuwa wawili, mwalimu na muuza vitenge, kila mmoja amekaa na nusu ya uzima wa mtoto mfukoni, tunaandikiana salamu. Kaburi hilo usilichukue lote. Niachie sehemu yangu, na usithubutu kunisamehe upesi.

Ruhusa yangu ya kutoka imepatikana juma lililopita. Nakuja Giheke Alhamisi, na basi la Védaste.

Mwavita